Maneno Aliyoambiwa Paka

Mke wangu ana paka, na mimi namwonea wivu. Nasema mapema ili mtu asihangaike kunitafutia sababu yenye heshima zaidi. Ni paka wa kawaida tu, mweusi mwenye kifua cheupe, aliyeletwa kwetu hapa Kasongo kwa ajili ya panya waliokuwa wakitoboa magunia ya mpunga. Panya waliisha. Paka akabaki, na kazi akabadilisha. Siku hizi kazi yake ni mke wangu.

Mimi natengeneza redio na simu karibu na soko. Kutwa nina spika za watu sikioni, na jioni narudi kwenye redio yangu mwenyewe, nakaa katika kiti changu cha mianzi, nasikiliza habari na mpira. Niliamini hayo ni maisha mazuri. Kisha nikaanza kuona kwamba jioni hizo hizo, upande wa pili wa kiwanja chetu, kuna wawili wanaozungumza, na mmoja wao ana mkia.

Mke wangu ni Mubangubangu wa upande wa Wamaza, kule Kabambare. Mimi ni Muzimba wa hapa hapa. Sisi wawili tunaongea Kiswahili. Kibangubangu anakitumia na dada zake kwenye simu, na paka. Mimi nakisikia kama redio yenye betri zilizochoka, neno hapa, neno pale. Na huyo paka, ambaye hajawahi kufika Wamaza, anakielewa chote. Akiambiwa na mke wangu ashuke mezani, anashuka. Akiambiwa aingie ndani, mvua inakuja, anaingia. Mimi nikimwambia ashuke, anageuza sikio moja, analirudisha, na kuendelea kulala.

Nimewahi kumjaribu. Alasiri moja mke wangu alikuwa amekwenda kuteka maji. Nikasimama nyuma ya jiko, nikabana koo, nikaiga sauti anayomwitia. Paka alikuja mbio hadi kona ya ukuta, akaniona, akaketi, akanyanyua mguu na kuanza kujilamba. Jirani aliyekuwa akianika mihogo akaniuliza kama koo linaniuma. Siku nyingine nilimnunulia ndakala, wale samaki wadogo wakavu, wake peke yake. Alimchukua mmoja mkononi mwangu, akavuka naye kiwanja kizima, akaenda kumlia miguuni pa mke wangu.

Kuna siku mke wangu alipata habari kwamba shangazi yake ni mgonjwa sana. Hakulia, na alipika kama kawaida. Paka aliacha chakula chake, akampandia mapajani, na hakutaka kushuka hata alipofukuzwa. Mimi nilikuja kuijua habari hiyo kesho yake, tena kwa jirani. Nilikasirika, nikamwuliza mke wangu kwa nini hakuniambia.

“Nilikuambia, bwana yangu,” akasema. “Ulisema sawa.”

Lakini wivu wenyewe, ule wa kumnyima mtu usingizi, ulitoka kwenye maneno fulani. Kila jioni vyombo vikishaoshwa, mke wangu anakaa kwenye kigoda chake na paka mbele yake, anamweleza mambo yake kwa sauti ya chini. Mwishoni anamwambia maneno yale yale, hayabadiliki. Paka anafumba macho polepole, anayafumbua, na mke wangu anacheka kidogo na kuinuka akiwa mwepesi. Katika maneno hayo nilikamata mawili: “wewe” na “peke yako”. Mengine niliyajaza mwenyewe. Nikaamua kwamba ni sifa, kwamba anamwambia hakuna mwingine kama wewe.

Kumwuliza sikuthubutu. Mwanaume mwenye ndevu atamwulizaje mkewe amemnong’oneza nini paka? Badala yake niliyakariri, sauti kwa sauti, kule kibandani kwangu nikichomea nyaya, mpaka yakanikaa mdomoni. Nilikuwa nangoja tu siku ya kuyatumia.

Kiangazi kilipokausha barabara, tulipanda pikipiki kwenda Wamaza kuwasalimu wakwe. Mama mkwe alinichinjia kuku, na mbele ya shemeji zangu akanipa firigisi, kama mtu wa heshima. Shemeji zangu walikuwa wakinitania kwamba mtu wa Kasongo anajua Kiswahili tu, hata kuomba maji lazima atafutiwe wa kumtafsiria. Mke wangu alikuwa jikoni akisonga ugali, karibu kabisa. Nikaona saa yangu imefika. Sijazoea kumwangalia mama mkwe usoni, kwa hiyo nikainamia sahani, nikamshukuru kwa maneno yale yote, bila kukosea hata moja, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. Nilitaka mke wangu ajue kwamba ya paka wake hata mimi ninayo.

Nilingoja wapige makofi. Shemeji mkubwa akaweka kikombe chini. Mama mkwe akafunika chungu, kisha akaniambia kwa Kiswahili, taratibu:

“Mukwe wangu, kama mutoto wangu hakusikiake, ulifanya vizuri kutuambia. Muite aje hapa.”

Wakaanza kupanga viti. Sikuelewa viti vya nini mpaka shemeji mdogo aliponiinamia sikioni. “Ulisema: nyumbani kwetu ni wewe peke yako unanisikiaka. Sasa dada alifanya nini?”

Kwa wakwe, mume akisema nyumbani kwake hasikiwi, hayo si mazungumzo ya mezani. Ni mashtaka. Mke anaulizwa mbele ya kaka zake, na akikosa la kujibu anaweza kubakizwa kwao ili afundishwe upya. Ningerudi Kasongo peke yangu. Nilifungua mdomo nieleze, lakini ningeeleza nini? Kwamba nilikuwa nashindana na paka?

Mke wangu alitoka jikoni, unga wa muhogo mikononi. Aliviangalia viti, akaniangalia mimi, akaelewa kabla ya mtu yeyote kumweleza.

“Mama,” akasema, “hayo maneno si yake. Ni yangu. Naambiaka paka.”

“Paka?”

“Paka ya kule nyumbani. Mangaribi tukimaliza kula, ninaiambiaka mambo yangu. Nikimaliza, ninaiambia vile.”

“Na bwana yako anakuwaka wapi saa ile?”

“Iko palepale. Na redio.”

Shemeji zangu walicheka mpaka mmoja akatoka nje kupenga kamasi. Mama mkwe hakucheka. Alinitazama moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimuoe binti yake, na mimi nikakosa pa kuweka macho. Niliona aibu, ndiyo, lakini maumivu yalizidi aibu. Afadhali mke wangu angekuwa anamwita paka mpenzi wake. Hilo ningelicheka hata mimi. Lakini kumwambia kwamba yeye ndiye anayemsikia, wakati mimi niko pale pale na masikio yangu mawili mazima, hilo lilinichoma. Nilimchukia yule paka siku hiyo kuliko siku zote, kwa sababu sasa nilijua hakunidhulumu kitu.

“Bon, haya,” mama mkwe akasema. “Hiyo paka muniletee. Hapa panya ni mingi. Mwanamuke iko na bwana, aseme na bwana.”

Nilifurahi kupita kiasi kwa mtu aliyekuwa ameaibishwa muda huo huo. Nilishamwona paka ndani ya kikapu, kikapu nyuma ya pikipiki, pikipiki inatokomea. Mke wangu, ambaye sijapata kumsikia akimkatalia mama yake jambo, alijifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, bila haraka.

“Nitakuletea, mama,” akasema. “Lakini si leo. Siku nitaona huyu ananisikia, nitaileta mimi mwenyewe.”

Tangu turudi, jioni nazima redio. Nimehamisha kiti karibu na kigoda. Jioni ya kwanza alianza kunisimulia habari za mwanamke aliyemrukia foleni kwenye mashine ya kusaga, na kabla hajafika katikati nikamwambia alichotakiwa kumjibu. Akafunga mdomo. Paka akafungua jicho moja. Jioni nyingine niliamua kunyamaza kabisa, nikanyamaza vizuri sana, nikasinzia. Sasa namtazama huyo paka ninavyomtazama fundi aliyenizidi. Anatega masikio yote mawili, hamkatizi, hampi shauri, haondoki. Mke wangu akipandisha sauti kwa hasira, yeye anapunga mkia mara moja tu, basi. Kazi hiyo inaonekana rahisi, na mimi siiwezi, na nina hasira kwamba yeye anaiweza akiwa amelala.

Jambo moja nimefaulu. Nimeacha kuyaiba maneno kwa mbali. Namwomba mke wangu anifundishe Kibangubangu, na ananifundisha, ananicheka, ananirekebisha. Kwa dakika hizo anaongea na mimi tu, na paka anatoka nje. Nikiona mgongo wake mlangoni najisikia mshindi, mpaka somo liishe.

Mama mkwe hupiga simu Jumapili. Akimaliza salamu, anauliza kama paka ameshapata pikipiki. Mke wangu ananitazama kwanza, halafu anamjibu mama yake kwa lugha yao. Ni neno moja, na siku hizi nalielewa bila mtu wa kunitafsiria. Anamwambia: bado.