Vidonge vya Chunusi Vilivyoniaibisha Ukweni

Daktari alinionya waziwazi: vidonge hivi vya chunusi vitakukausha macho, na penye mwanga hafifu huenda usione vizuri. Ukianza kuona hivyo, acha na urudi. Nikapima: macho au uso? Jumapili nilikuwa naenda Izia kujitambulisha ukweni. Nikachagua uso, mjinga mimi!

Siku hiyo mvua ilikuwa imeitia sebule giza. Mchumba wangu alinifungulia mlango, akapitiliza jikoni. Macho yalinikwaruza kama yametiwa mchanga, lakini nilimwona mzee kitini, ndani ya koti zito la mtumba. Nikachuchumaa, nikapiga makofi kwa adabu.

"Shikamoo, baba."

Kimya.

"Shikamoo!"

Kimya. Hasira zikanipanda. Nimetoka Kaoze na mvua yote hii, nimemeza vidonge mwezi mzima, halafu mtu ananinunia?

"Mzee, hata kama hunitaki, shikamoo huitikiwa!"

Nyuma yangu mtu akakohoa.

"Marahaba, mwanangu. Hilo ni koti langu, nimelianika. Mimi niko hapa tangu shikamoo ya kwanza."