Jinsi mama mkwe wangu alivyoitoa jasho kampuni ya mpunga pale Kikole

Wakuu, hamjambo humu ndani. Vijana nawapa marahaba kabisa kabla hamjaniamkia, maana nina miaka themanini na ushei. Simu hii kanipa mjukuu wangu hapa Mitwero ili nisimsumbue na mambo yangu.

Nimekaa miezi nawasoma kimya kimya. Juzi nikaona mtu anazisifia kampuni za kilimo zinazolisha dunia, eti hazidanganyiki kirahisi. Nikacheka mpaka nikapaliwa.

Sasa pokeeni yangu. Si chai hii, nilikuwepo, na kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe.

Enzi za Mwingereza niliolewa Kikole, kule Kilwa. Mume wangu alikuwa kwenye kibarua cha mkonge Lindi, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama mkwe, Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mfupi, mpole wa sauti. Akikusifia, ujue umekosea.

Juu ya bonde kulikuwa na kampuni ya Wazungu ikilima mpunga kwa matrekta. Chini ya bonde, kwenye udongo mzuri zaidi, walilima akina mama wa kijiji, Bi Somoe akiwemo.

Meneja wa kampuni tulimwita Bwana Kijiko, kwa sababu alitembea na kijiko kwenye mfuko wa shati. Akipita penye sufuria ya mtu, anaomba kuonja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu.

Basi mwaka ule wakubwa wake wa Ulaya wakaamua kwamba kuuza magunia ya mchele hakutoshi. Wanataka kuuza chakula chenyewe. Wali wa kopo, biskuti za mchele, uji wa watoto, popote meli inapofika.

Ili wafanye hivyo walitaka bonde lote.

Asubuhi moja tukakuta vigingi vyekundu vimepigwa katikati ya mashamba ya akina mama. Tukaambiwa mkishavuna, hameni.

Akina mama wengine walilia. Bi Somoe alivitazama vile vigingi, akaanika khanga yake kwenye kimoja, akaendelea kupalilia.

Mimi wakati huo nilikuwa kibarua wa kampuni hiyo hiyo, natwanga na kupepeta. Mnajua ujana. Nilijiona nina kazi ya maana.

Siku moja Bwana Kijiko akaniletea mpunga wa kampuni, akaniambia nitwange pishi nne safi kabisa, punje nzima nzima. Mashine yao ya kukoboa ilikuwa imekufa, na sampuli ilitakiwa iende Ulaya kwa wanunuzi.

Nikatwanga. Ukatoka chenga tupu.

Nikatwanga mwingine taratibu, kama nambembeleza mtoto. Chenga. Ule mpunga ulikuwa mrefu, mzuri kwa macho, lakini ukiuonyesha mchi tu unavunjika. Na ukiunusa, hauna hata harufu ya wali.

Nikaogopa nitafukuzwa. Nikabeba vyote nikakimbia nyumbani, Bi Somoe yuko shamba, nikachota mchele wake. Punje fupi, nene, zinanukia kabla hata hazijaona moto. Nikajaza sampuli ya kampuni. Zile chenga nikazimwaga kwenye chungu cha Bi Somoe, nikafunika, na mpunga wa kampuni uliobaki nikauacha uani.

Akili za miaka kumi na tisa hizo.

Jioni ile ile akapika. Akatia tonge moja mdomoni, akaacha kutafuna.

"Mwanangu," akasema, "mchele wangu umesafiri?"

Nikaanguka magotini nikamweleza yote. Nilitegemea kurudishwa kwetu Likawage kesho yake. Yeye akanawa mikono, akasema, "Umefanya vizuri."

Nikajua nimekwisha.

Miezi ikapita. Siku moja tukasikia kengele ya kampuni inapigwa kama nyumba inaungua. Barua imekuja! Wanunuzi wameupenda mchele kuliko yote waliyoonja. Wanataka meli nzima. Bwana Kijiko akachinja mbuzi, akapandisha kibao kipya kikubwa, na vigingi vikaongezwa mpaka karibu na kisima chetu.

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Nilitaka kuokoa kibarua changu, nikawapa sababu ya kutuhamisha haraka. Habari zikawafikia akina mama, wakawa wananiangalia kisimani bila kunisalimia.

Bi Somoe akaniambia maneno mawili tu: "Ngoja wale."

Meli ikaondoka Lindi na mchele wa kampuni, ule ule wa chenga. Na kweli, wanunuzi huko Ulaya wakaula.

Barua ya pili haikupigiwa kengele. Wanunuzi walisema mchele huu siyo ule walioonja.

Bwana Kijiko akanifuata mwenyewe nyumbani, nikiwa kwenye kinu, amekuwa mwekundu kama vigingi vyake. Nyuma yake mnyapara, bwana mmoja wa Lindi mjini aliyevaa kofia ya ukubwa, asiyeweza kutofautisha mpunga na magugu.

"Mchele ile ya kwanza," meneja akauliza kwa Kiswahili chake, "ilitoka wapi?"

Nikainamia kinu, nikaendelea kutwanga. Mnyapara akasema atanipeleka boma kwa wizi.

"Shikamoo, Bi Somoe," nikamsikia mnyapara akisema ghafla kwa adabu.

"Marahaba. Mwacheni mkwe wangu. Njooni mle."

Alikuwa amekwisha pika. Akaweka mkekani sahani mbili zimefunikwa kawa. Bwana Kijiko akatoa kijiko chake. Sahani ya kwanza akaonja, akaiacha. Ya pili akaonja, akaonja tena, kisha akakaa chini na kuimaliza yote. Mnyapara alibaki kukodoa macho.

"Ni hii," meneja akasema. "Ndiyo hii!"

"Huo umeota pale," Bi Somoe akamjibu, "ulipopiga vijiti vyako."

"Mama, nataka mbegu."

"Ng'oa vijiti."

Meneja akacheka kidogo, akaeleza kwa upole kwamba kampuni ina karatasi ya serikali. Bonde watalichukua hata yeye asipotaka.

"Lichukue," Bi Somoe akasema. "Mbegu haimo kwenye karatasi. Imo humu."

Akanyanyua kikapu kilichojaa mpunga. Akaniambia, "Mwanangu, lete kinu."

Nikaleta. Akamimina robo ya kikapu, akashika mchi, akaanza kutwanga. Taratibu tu, kama anapika chakula cha mchana.

Nyie mliozaliwa na mchele wa dukani, eleweni hapa. Mpunga ukishatwangwa haupandiki. Kila akishusha mchi, mbegu inakuwa wali.

Bwana Kijiko mwanzo alidhani ni mzaha. Bi Somoe akamimina robo ya pili.

"Mama, ngoja!"

Pu. Pu. Pu.

"Mama, tafadhali!"

Akamimina ya tatu. Uso mkavu, hata jasho hana. Jasho lote lilikuwa kwa meneja.

Wakuu, niliona kwa macho yangu meneja wa kampuni ya kulisha dunia akishuka bondeni mbio, viatu vimejaa tope, anang'oa vigingi kwa mikono yake. Mnyapara anapokea, anabeba kifuani kama kuni. Akina mama wakaacha majembe wakaja kutazama. Mmoja akapiga kigelegele, halafu wote. Na mimi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi wakanisalimia.

Makubaliano yakaandikwa mbele ya jumbe wa kijiji. Bonde la chini ni la akina mama, na kampuni itachukua mbegu kwao kila msimu. Makopo yao yakaenda mbali sana baadaye, huko nchi ambazo siwezi hata kuzitamka, na sisi tukabaki tunalima pale pale.

Alasiri ile wageni walipoondoka, nilikaa kando ya kinu nikaanza kulia. Nikamwambia, "Mama, robo tatu ya mbegu yako imekwenda kwa ajili yangu."

Bi Somoe akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mbegu gani? Mbegu yangu iko darini. Huu ni mpunga wao, ule uliouacha uani. Nimetwanga wa kwao mbele ya macho yao, na hakuna aliyeujua."

Halafu akanipa ungo nipepete, kwa sababu chenga hizo zingefaa kwa kuku.

Somo nililopata: ukipelekwa mbele ya mkubwa, chunguza kwanza ni nini asichokijua. Mimi nilihangaika na anachokitaka, ndiyo maana nikaponza kijiji. Bi Somoe alishaona kwamba yule bwana anaujua mchele ukiwa kwenye kijiko tu.

Haya, wenye mama wakwe wa aina hii jitokezeni tuzungumze. Na wewe unayetaka kuandika "picha tafadhali", mwanangu, picha nitatoa wapi, nilikuwa natwanga.