Upepo wa Matairi ya Nyuma

Kwa miaka sita, kila Desemba niliporudi nyumbani Uru, huku mlimani, mimi na rafiki yangu tulibishana jambo lilelile: kati ya gari langu na lake, lipi linachomoka haraka zaidi kutoka liliposimama. Hatukubishania kona wala mteremko. Barabara iliyonyooka tu, mguu chini, basi.

Tulikua pamoja, migomba ya kwao na ya kwetu imetenganishwa na mfereji. Baada ya kidato cha nne yeye alishuka mjini, Majengo, kujifunza ufundi, akafungua gereji yake ndogo. Mimi nikashika malori: Tunduma, Lubumbashi, Kigoma, popote palipokuwa na mzigo. Nikiwa mbali naikumbuka Uru mpaka chakula hakipiti. Nikifika, wiki ya pili tu naanza kuangalia barabara.

Magari yetu yote mawili ni ya Kijapani, milango miwili, rangi imechoka, yanasukumwa na magurudumu ya nyuma. La kwangu ni jepesi na halina turbo. Ukikanyaga mafuta linaitika papo hapo. La kwake lina turbo. Linavuta pumzi kwanza, halafu linakurusha.

"Lako ni pikipiki yenye paa," alizoea kuniambia.

"Na lako ni mzee anayetafuta miwani kabla ya kukimbia."

Desemba iliyopita ubishi ukageuka kazi. Mfanyabiashara mmoja wa Bomang'ombe, mpenzi wa mashindano ya magari, alikuwa anatafuta gari moja na dereva mmoja. Mshindi kati yetu angemwendeshea kwenye mashindano na kumsimamia gereji mpya. Kazi ya kudumu, na jioni narudi kulala kwa mama yangu. Nina miaka arobaini na minne. Nilijua kitu kingine cha kunifunga nyumbani hakitakuja, na nilimwambia rafiki yangu hivyohivyo, nimekaa kwenye kreti la soda gerejini kwake.

"Basi tupimane kwa haki," akasema.

Yeye ndiye aliyechagua mahali: barabara ya katikati ya mashamba ya miwa, kule chini tambarare, kwa sababu huku juu hewa ni nyepesi na gari lisilo na turbo linaonewa. Nikaona huyu kweli ni ndugu. Akanisaidia kutoa tairi la akiba na jeki ili kupunguza uzito. Mwisho akavuta mpira wa kujazia upepo.

"Nyuma tuongeze, mangi. Tairi gumu linabingirika lenyewe."

Kwa mtu wa malori hilo lilikuwa na maana. Safari ndefu tairi legevu linachosha injini. Sikuuliza kitu. Hata vifuniko vya valvu nilimshikia mimi.

Asubuhi yake mfanyabiashara alisimama kwenye daraja la pili la mfereji wa miwa, simu mkononi ya kuhesabu sekunde. Sisi tulianzia daraja la kwanza. Dereva wake wa kila siku, aliyebaki nasi, akashusha kitambaa, nikaachia klachi.

Gari lilipiga kelele, likatikisa makalio, na halikwenda. Matairi ya nyuma yalizunguka palepale, harufu ya mpira ikajaa ndani, na yule mzee wa miwani akaondoka kama amevutwa kwa kamba. Mwishoni nilikuwa namkaribia. Hilo ndilo lililoniuma: mbio zilikuwepo, zilichelewa tu kushika lami. Mara ya pili nilikanyaga taratibu, nikaachwa kwa utaratibu wangu. Mara ya tatu nilikanyaga kwa hasira, ikawa kama ya kwanza.

"Kaka, gari lako lina sauti nzuri sana," mfanyabiashara akaniambia. "Lipeleke harusini."

Rafiki yangu akacheka naye.

Nilikwenda kumpa mkono, na katika kuinama dirishani kwake goti langu likagusa tairi la nyuma. Nikalitazama. Lilikuwa limekaa chini kama mtu aliyeshiba, tumbo limetokeza pembeni.

"Joto hilo," akasema haraka. "Linalegeza."

Nimebadilisha matairi juani karibu maisha yangu yote. Joto hukaza upepo, halilegezi. Lakini nilimpa mkono, maana bado nilikuwa namtafutia sababu.

Wakati wa kurudi mjini alitangulia. Nikamkuta kwenye kibanda cha fundi wa pancha kando ya barabara, amechuchumaa, anajaza matairi ya nyuma. Nikapunguza mwendo. Tukatazamana. Hapo ndipo nilipoelewa: tairi legevu hutanuka, likaing'ata lami wakati wa kuondoka. Alilijua hilo, akajiwekea, mimi akanipa kinyume chake.

Kesho yake asubuhi alikuwa uani kwetu ameshika jani la sale. Kwetu, aliyekosa humletea aliyekosewa jani hilo refu la kijani, lile linalopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba, na akishalileta husamehewa. Hakuna mjadala. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sale ya nini tena?"

"Nimemkosea mwanao."

Mama akaweka chini ndizi alizokuwa anamenya, akanigeukia. "Umeletewa sale. Hapo mimi siwezi kukusaidia."

"Ungeniambia tu unaitaka ile kazi," nikamwambia rafiki yangu. "Ningekuachia."

"Usingeniachia. Na ungeipata, ungekaa miezi mitatu, halafu tungesikia uko Lubumbashi. Mimi nina watoto wanne, siendi popote."

Yale niliyomwambia kwenye kreti la soda, kwamba naogopa sitapata tena cha kunifunga, ndiyo aliyoyachukua akajitetea nayo. Na jani lenyewe aliliwahisha, kabla sijafungua mdomo kukasirika. Nililipokea. Nikasema nimesamehe, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa. Mama akamkaribisha chai, akanywa vikombe viwili.

Niliondoka siku nne kabla ya Krismasi. Magari ya watu wetu yalikuwa yanapanda kutoka kila mahali, yamejaa watoto na mizigo, yananipigia honi kwa furaha, na mimi peke yangu nashuka na gari langu kwenda Dar kufuata lori. Pale njia panda nilisimama, nikachukua kipima upepo, nikachuchumaa nyuma ili nipunguze. Nikasoma, nikafunga kifuniko bila kutoa hata kidogo. Kwa safari ndefu, upepo alionijazia ulikuwa sawasawa.