Kobe wa Ukoo Wetu

Serikali ilinifanya bwana samaki kabla sijajua kuogelea. Nilizaliwa Izimbya, katikati ya migomba na mibuni, na maji mengi niliyoyazoea ni yale ya kwenye mtungi wa mama. Ofisi ya Bukoba ilinipa daftari, mizani na baiskeli, ikanipeleka kisiwa cha Goziba, kusiko na barabara hata moja. Baiskeli niliitundika ukutani, na wavuvi wakawa wanapita kuniuliza safari ya Dodoma ni lini.

Zilikuwa siku za ujamaa. Kambi ya wavuvi ilikuwa imeandikishwa kuwa kijiji, mitumbwi ikawa ya wote, na mimi nilitakiwa kufundisha uvuvi bora watu waliokuwa wakivua kabla sijazaliwa. Walinivumilia tu. Aliyenihurumia kweli ni fundi wa mashine za mitumbwi, Mwislamu wa Kashai ambaye babu yake alitoka Tanga. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona bahari, lakini kila jambo alilianza na "kwetu Pwani". Alikuwa na miwani ya kuzamia pamoja na mrija wake wa kuvutia hewa, iliyoachwa na Mzungu mmoja aliyekuja kupima samaki.

"Kwetu Pwani mtu anazaliwa anaogelea," aliniambia. Akaniingiza kwenye maji ya kiunoni, akanishika tumbo kwa mkono mmoja, akanifundisha kwa wiki tatu bila kunicheka kupita kiasi.

Siku nilipoweza kuelea mwenyewe ndipo nilipomwona. Chini, kati ya mawe, kobe wa ziwani, mweusi, mpana kama sahani, alikuwa akichokoa konokono bila haraka. Nilimfuata kwa juu. Aliinua shingo akanitazama kama mwenye nyumba anayetazama mgeni asiyebisha hodi, kisha akaendelea na chakula chake.

Huyo ndiye muziro wetu. Kwa Wahaya kila ukoo una muziro, mnyama ambaye wamekatazwa kumla tangu enzi za mababu, na wetu ni kobe huyu wa ziwani. Nilifundishwa kumkataa kabla sijafundishwa Baba Yetu. Lakini Izimbya ni mbali na ziwa. Baba hakuwahi kumwona, na babu vilevile. Tulimkataa kwa kusikia. Tangu siku ile nikawa nazama karibu kila asubuhi kabla ya kupima samaki, nikijisikia kama mtu anayekwenda kuamkia jamaa.

Kisha ikaja sherehe ya mtumbwi mpya wa kijiji. Wavuvi waliotoka ng'ambo ya ziwa walipika nyama kwa mchuzi mzito wa nyanya. Nilikula vipande viwili, nikasifu kuku wao. Mpishi akasema polepole, bila ubaya wowote, kwamba kisiwani hapakuwa na kuku, ni kobe aliyenasa wavuni. Nilikwenda nyuma ya mawe nikajaribu kutapika, nikashindwa.

Nilimwambia fundi peke yake. "Hukukusudia," alisema, "lakini mzee wako lazima ajue." Ni rahisi kusema. Mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume, na kibanja cha baba, migomba yake na makaburi yaliyomo, vilikuwa vinanisubiri mimi. Aliyekula muziro hawezi kupewa kibanja. Kwenye mikutano ya ukoo anakaa mlangoni, na pombe anainywa kwenye kibuyu chake peke yake.

Wakati bado nahesabu mabaka yasiyokuwepo mwilini mwangu, yale yanayosemwa humtoka aliyekula muziro, ikaja barua ya baba, ya kwanza kuiandika kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa amejifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima, na herufi zake zilijaa ukurasa mzima. Aliandika kwamba amechoka, anataka kunitangaza mrithi, na kwamba anakuja kusikia kwa mdomo wangu kama nitarudi kukitunza kibanja.

Alishuka mtumbwini akiwa ametapika njia nzima, rozari mkononi.

"Shumalamu, tata," nilimwamkia.

"Malamu, mwana wange. Nyumbani kwako mbali."

Nilipomweleza kwamba muziro wetu anaishi mita chache kutoka mlangoni kwangu, alisahau uchovu wote. Asubuhi yake alivua shati, akalikunja vizuri juu ya jiwe, akaniruhusu nimvalishe miwani. Nilimfundisha kupumua kwa mrija tukiwa tumesimama. Halafu akalala juu ya maji nikamshika tumbo, kama fundi alivyonishika mimi. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, na hilo liliniumiza.

Kobe alikuwepo. Nilijua kwa sababu mwili wa baba ulikakamaa, kisha ukalegea. Alikaa hivyo muda mrefu, mgongo ukipigwa na jua, mrija ukipumua. Alipoinuka alivua miwani, akajifuta uso.

"Mdogo hivi," alisema. "Na mpole."

Nikamwambia palepale, majini. Vipande viwili, kuku, mchuzi, yote. Hakunikaripia. Aliuliza kama mpishi alijua mimi ni wa ukoo gani, nikasema hakujua. Akatembea hadi kwenye jiwe, akavaa shati, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Mitumbwi inakwenda Bukoba kila siku," alisema. "Maneno yatafika. Watasema mtu wa ukoo wetu amekula muziro Goziba."

"Ndiyo, tata."

"Lakini sasa tuliofika Goziba ni wawili."

Nilielewa mara moja. Ningeweza kukataa. Nilisema tu, "Waitu, tata," neno letu la heshima lisilo ndiyo wala hapana, nikamwachia aelewe anavyotaka.

Maneno yalifika Izimbya baada ya miezi mitatu. Kwenye kikao cha ukoo baba alisimama kabla mtu hajaulizwa, akasema ni yeye, alikula kisiwani akidhani ni kuku. Wazee walisikitika, wakafuata desturi. Mwaka huohuo nilitangazwa mrithi. Kila nilipokuja likizo nilimkuta mlangoni na kibuyu chake. Aliniuliza habari za kobe, kama bado yupo, kama anakula vizuri. Nilimjibu kwa kirefu. Mimi nilimpenda sana baba yangu, na nilimwacha pale.

Alipofariki tulimzika kwenye migomba. Siku ya kumaliza matanga, wakati wananikabidhi mkuki wake, nilishindwa kuupokea. Nikasema mbele ya wote kwamba aliyekula ni mimi. Baba mdogo, aliyekuwa ameushika mkuki, alinitazama kwa huruma, si kwa hasira.

"Miaka yote hiyo kaka yangu amekaa mlangoni," aliuliza, "wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Nilikuwa nimekaa ndani, nikinywa kwenye kibuyu cha wote.