Aina Inayosikia Dawa

Mdogo wetu wa mwisho alianza kuugua kwa michubuko. Kila alipojigonga kidogo, ngozi ilivilia damu. Baadaye ikaja homa isiyokwisha, kisha rufaa ya kwenda Dar es Salaam, na huko wakatuambia ni saratani ya damu. Nilikwenda naye mimi. Wazazi wetu wote wawili wamefariki, na mama alipozikwa niliacha shule kidato cha pili, nikaingia kusaga mahindi mashineni Mfaranyaki, kwetu Songea. Wa kwenda nilikuwa mimi.

Walimtoa uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, kwenye nyonga. Majibu ya vinasaba yalipotoka daktari aliniita, akachora duara kwenye karatasi. Alisema ndani ya kila chembe ya mwili kuna maelekezo ya namna ya kukua na kufanya kazi. Kwenye chembe moja ya mdogo wangu, vipande viwili vya maelekezo hayo vilikatika vikaungana mahali visipopaswa. Ndiyo maana chembe zake nyeupe za damu, za aina ya B, hazikomai. Zinabaki changa na zinazaliana tu, mpaka zinazikosesha nyingine nafasi.

"Amerithi kwa mama?" niliuliza. Swali hilo nilikuwa nimelibeba tangu Songea.

"Hapana. Mara nyingi huanza mtoto akiwa tumboni, lakini si kwamba mama alimpa. Ni bahati mbaya tu. Wewe na ndugu zako msiogope."

Nilishusha pumzi. Akaendelea kusema kwamba saratani hiyo ina aina nyingi, na hii ya kwake ni miongoni mwa zile nzuri, inasikia dawa. Ila inaweza kujificha, ikarudi hata baada ya miaka, matibabu yakikatishwa. Nilimuuliza tena na tena, naye akarudia maelezo bila kunung'unika.

Nilipiga simu nyumbani nikaeleza yote. Lakini habari ilipotoka kwa shangazi wa Matogoro ikafika kwa baba mdogo Namtumbo, ilikuwa imebaki nusu. Aina nzuri.

Basi tuliporudi kwa mapumziko, awamu ya kwanza ya dawa imekwisha na vipimo havioni kitu, tulimkuta baba mdogo kwetu na jogoo mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi? Huyu? Huyu mgonjwa au bibi harusi?"

"Bibi harusi gani hana nywele?" mtoto akamjibu, akavua kofia. Tulicheka wote.

Baada ya kula akasema alichokijia. Mtoto amepona, angeondoka naye kesho, akaanze shule kule. Kwetu baba akifa, mdogo wake ndiye baba, na neno lake likishatoka limetoka. Sikuwa nimewahi kumpinga.

"Baba, dawa hazijaisha. Bado miaka."

"Miaka? Daktari mwenyewe kasema aina nzuri!"

"Nzuri kwa kuwa inasikia dawa. Tusipompa, itasikia nini?"

"Umeishia kidato cha pili, leo unanifundisha mimi?"

"Kweli, niliishia hapo. Lakini baba, shambani kwako ukishapalilia, ukasimama barabarani, ndago, gugu lile sugu, unaiona?"

"Siioni."

"Imeisha?"

Akajifanya anachokoa meno. Shangazi, aliyekuja kutupokea pia, akadakia, "Jibu, mdogo wangu! Kila masika unatulilia ndago ileile."

"Kupalilia hakumtapishi mtoto kama hizo dawa," alisema baba mdogo. Alikuwa amesikia kwenye simu jinsi mtoto alivyokuwa akitapika. Kisha akashusha sauti. "Na akifia huko mbali, mwanangu? Mwili wa mama yenu niliusindikiza mimi kutoka hospitali. Sitaki tena safari ya namna ile."

Kumbe ndicho kilichomleta. Nilimwambia nami naogopa kila siku. Nikamwambia kwamba hapa nyumbani ugonjwa ungerudi na tusingekuwa na la kufanya, lakini kule kuna njia ya kupona, na daktari ameiona kwa watoto wengine.

Alimtazama mtoto, aliyekuwa bado ameshika paja la kuku kwa mikono miwili.

"Tarehe ya kurudi ni lini?"

"Wiki ijayo."

"Nitakwenda naye mimi. Huyo daktari anichoree na mimi."

Alikwenda kweli. Alichouliza huko sikijui, ila alirudi na karatasi yenye duara mfukoni. Mtoto sasa anatumia vidonge nyumbani, tunakwenda kliniki kwa tarehe, na yuko darasa la pili. Hatujamaliza.

Mwezi uliopita shangazi alipiga simu kwa baba mdogo, akisema mtoto amenenepa, apumzishwe dawa japo likizo hii. Baba mdogo alikuwa kwetu, amesimama uani, na majirani walimsikia akimjibu: "Dada, dawa za mwanangu usiziguse!"