Kiti cha Kumuaga Mzee Hakimu

Tangu juzi sipiti karibu na baraza la Tabora, na sababu ni kiti. Hakimu wetu alikuwa anastaafu, na alikuwa ameahidi kunitaja kwa Bwana DC siku ya kuagwa kwake ili nipewe ukarani. Nikajitolea kung'arisha kiti cha mninga atakachokalia uwanjani. Kazi hiyo nilijifundisha mwenyewe, kama nilivyojifundisha kuandika. Nilipaka nta ya nyuki kutoka Ipole, nikaona bado, nikaongeza, nikaongeza tena. Kwamba jua la saa sita huyeyusha nta, hilo sikulifikiria.

Baada ya hotuba watu walipiga makofi ili mzee asimame. Hakusimama. Nikadhani machozi yamemzidi, nikamwendea mbio.

"Shikamoo, mzee. Wanakusubiri."

"Marahaba. Kijana, kiti hiki kakipaka nani?"

Nikaona sifa zinakuja. "Ni mimi, mzee, peke yangu!" nikajibu kwa sauti, wote wasikie.

"Basi kishike."

Nikakishika. Mzee akajivuta, kanzu ikachanika chwaa, na kipande chake kikabaki kitini.

"Bwana DC," akasema, mikono yote miwili nyuma, "yule kijana niliyetaka kukutajia ndiye huyu."