Mkwe Kwenye Kitanda cha Dirishani

Nilianza shule ya uuguzi katika umri ambao wenzangu wa sokoni walikuwa wanapokea wakwe. Nilikuwa nikiuza samaki wakavu katika soko la Kampemba, hapa Lubumbashi, na mvi zangu nilizificha chini ya kitambaa. Ukiniuliza kwa nini nilikwenda, sina hadithi kubwa. Masomo yangu yalikatika nilipoolewa, na kila nilipomlaza ndugu hospitalini niliwatazama wauguzi wale wa bluzi nyeupe, nikaona bandeji imefungwa ovyo, nikakasirika. Hasira yangu iko karibu, haingoji kuitwa mara mbili. Siku moja nikamwambia mume wangu kwamba badala ya kukasirika bure, heri nijifunze ile kazi nikasirike nikiwa na haki. Alicheka mpaka akakohoa. Wiki iliyofuata akaenda mwenyewe kuniandikisha.

Hata hivyo hakuacha kunitania. Kuku akilegea uani, alikuwa anaita majirani waje wamwone daktari akiwa kazini.

Darasani wote waliniita mama, hata mwalimu wa anatomia, kijana ambaye ningeweza kumzaa. Alikuwa ananipa sifuri na kuniambia pole mama, kwa heshima zote, na sifuri ikabaki palepale. Mifupa ilinitesa sana. Majina yote ya Kifaransa, na Kifaransa changu kilikuwa cha kumsalimia padri tu. Basi niliisoma mezani pangu sokoni, nikijigusa bega, kiwiko, mbavu, na wateja wakadhani nina upele. Mwisho wa mwaka wa kwanza nilipita. Sikupita kwa kishindo, lakini nilipita, na mwaka uliofuata nikapita tena. Nilipofikishwa kwa wagonjwa ndipo nilipopumua, kwa sababu kumgeuza mtu bila kumtisha nilikuwa nakujua tangu watoto wangu wakiwa wadogo.

Ukabaki mtihani wa mwisho wa vitendo. Ukianguka pale huna diploma, hata kama ule wa maandishi umeushinda. Unarudia mwaka mzima. Mimi mwaka mwingine sikuwa nao. Magoti yalikuwa yananiuma, mume wangu alikuwa amechoka kula chakula kilichoungua, na meza yangu sokoni jirani alikuwa anaimega taratibu kila siku. Nilijiapiza moyoni kwamba nikianguka sirudi tena.

Asubuhi ile tulichota vikaratasi vya vitanda kutoka kwenye kibeseni cha chuma. Mimi nikaangukia wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Kazi: kumwogesha mgonjwa mwili mzima pale alipolala, na kubadilisha mashuka bila kumwinua. Nilifurahi, maana kazi hiyo nilikuwa naiweza na kuipenda. Nikaingia na beseni la maji ya uvuguvugu, taulo begani, juri ya watahini watatu nyuma yangu. Nikatazama kitandani, nikamwona mume wa binti yangu.

Nilijua kwamba pikipiki ilimwangusha akavunjika paja. Lakini nilijua amelazwa Kipushi, kule wanakoishi. Binti yangu alikuwa nyumbani kwangu na mtoto wao wa kwanza, bado mchanga, kama inavyotakiwa kwa uzazi wa kwanza. Kumbe jana yake jioni walikuwa wamemhamishia kwetu Lubumbashi apasuliwe, na simu yangu, ambayo ndiyo wanayompigia hata binti yangu, nilikuwa nimeizima ili nisome kwa utulivu.

Asiye wa kwetu atauliza, sasa kuna shida gani? Kwetu, mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Tukikutana njiani, mmoja wetu anapinda. Nikiwa na neno la kumwambia, nalipitisha kwa mtu mwingine, hata kama yeye amesimama palepale ananisikia. Kumwona amevua shati tu ni aibu ambayo ukoo mzima ungeitaja kwenye kila kikao, na mimi nilikuwa nimeagizwa kumvua yote na kumsugua. Wale wasichana wa darasa langu wangemwogesha bila kuwaza, kwa sababu wakwe zao bado hawajazaliwa. Mtego huu ulikuwa wa mwanafunzi mzee peke yake.

Aliponitambua alivuta shuka mpaka juu ya kichwa. Mama yake, aliyekuwa anamlinda na kumpikia, akasimama akaziba mdomo.

Nikamgeukia rais wa juri, muuguzi mzee mwenye miwani, mwanamke mwenzangu, nikamwambia polepole kwamba yule ni mkwe wangu, naomba kitanda kingine. Alinisikiliza vizuri. Hakuwa mtu mkali.

"Mama, ku opitali hakuna mukwe," akasema. "Kuko mugonjwa. Unafanya, ao tuandike kama ulikatala?"

Nilitaka kumrushia beseni, nasema kweli. Nikitoka, miaka yangu yote imekwenda na maji. Nikibaki, binti yangu ataishije na watu wa mume wake? Nikaweka beseni chini, nikaanza kwenda mlangoni.

Aliyenizuia ni mama wa kijana. Aibu hiyo ina namna yake ya kuondolewa. Ukoo wa mwanaume unaleta kuku, kijana anamkabidhi mama mkwe kwa mkono wake mwenyewe, na kuanzia hapo wanaweza kutazamana na kusaidiana. Wao walikuwa wanangoja mtoto akomae kidogo ndipo waje. Sasa yule mama akainama, akafungua kitenge alichofungia chakula cha asubuhi, akatoa yai la kuchemsha. Akalipenyeza chini ya shuka, mkononi mwa mwanawe.

"Iyi njo kuku," akaniambia. "Ile ya mabawa itakuya nyuma. Pokea, mama."

Mkono ukatoka chini ya shuka ukiwa na yai, kichwa bado kimefunikwa. Nikamtazama rais wa juri. Alikuwa anaikagua dari. Wale wenzake wawili walikuwa wanajikuna pua. Nikalipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, nikalitia mfukoni mwa bluzi, nikapiga makofi madogo ya kushukuru. Halafu nikanawa mikono upya, kwa sababu hiyo nayo wanaitolea alama. Yule mama akatoka na kuvuta pazia, maana hata mzazi wa kike kwetu hamtazami mwanawe mtu mzima akiwa hana nguo.

Nikaanza na uso. Alifumba macho, na mimi nikamshukuru kimoyomoyo. Nikaenda shingoni, kifuani, mikononi, nikitaja kila hatua kwa sauti ili juri wasikie, kama tulivyofundishwa. Nilipomgeuza upande ili nifike mgongoni, alikaza meno, na harufu ikanifikia kabla sijaona kitu. Chini ya kiuno, pale mfupa unapokaribia ngozi, kulikuwa na kidonda kilichochimbika, na shuka limegandana nacho. Mtu huyu alikuwa amelala chali tangu siku ya ajali.

Nikaacha kutaja hatua.

"Fasi gani inakuuma?" nikamuuliza, nikipapasa mahali hapa na pale kando ya kidonda.

"Njo pale pale."

"Sababu gani haukusema?"

Akaugeuzia ukuta uso.

"Ningeambia nani, mama? Binti yako iko na mutoto mudogo. Mama yangu hawezi kuniona vile."

Ilinichoma. Wauguzi waliokuwa wakimuuliza alikuwa akiwajibu kwamba hajambo, kwa kuwa ni mwanaume na waliouliza walikuwa wasichana. Mama yake alimwosha uso na mikono, akaishia hapo. Mimi nilimtumia salamu na samaki, tena kupitia watu. Sote tulikuwa tumeshika heshima vizuri, kila mtu upande wake, na yeye akawa anaoza katikati.

Nikalowesha shuka mpaka likaachia lenyewe. Nikaomba gozi safi ya kufungia kidonda, sijui nilimwomba nani, ikaletwa. Nikakiosha kidonda taratibu nikimpa pole kwa kila mguso, nikakifunika, nikakunja blanketi nikamwegemeza asirudi chali. Nikabadilisha mashuka nusu kwa nusu, paja lake lisitikisike. Katikati ya kazi akaniuliza mtoto anafanana na nani, kwa sababu alikuwa bado hajamwona. Nikamjibu kwamba masikio ni yake, kwa bahati mbaya. Akacheka, kicheko kikageuka kilio, mabega yakamtetemeka mikononi mwangu. Nami nililia pia, wala sikujificha. Nilimpenda kijana yule saa ile kama niliyemnyonyesha.

Nilipoinua kichwa, juri hawakuwepo.

Nilikuwa sijataja hatua hata moja tangu nimgeuze, sijasema ninaosha nini kabla ya nini, sijawatazama. Nikatoka mbio na mikono inayodondosha maji. Rais wa juri alikuwa kwenye varanda, anaandika akiwa amesimama, mwanafunzi mwingine tayari anamngoja na beseni lake. Nikamwambia samahani, nilikuwa sijamaliza, naweza kueleza yote sasa hivi kuanzia mwanzo, kwa Kifaransa akitaka. Hakuinua hata macho.

"Mama, ulisha kupita," akasema. "Tangu ile saa ulituacha sisi, ukamuuliza fasi gani inamuuma."

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau njia. Nilitaka kupiga kigelegele, lakini ni hospitali. Nilitaka kumpigia mume wangu simu, nikakumbuka nimeizima. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya mwanaume, ikiniita mimi mwenyewe bila kumpitia mtu.

"Mama, bado miguu."

Nikarudi kumwogesha miguu.